Ndugu wa Siafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Makoloni Yao na Uzazi Wao

Siafu wakitajwa, mazungumzo hukimbilia kwenye msafara: ule mto mweusi unaokatiza njia, na kila kiumbe kinachoutangulia kikitafuta pa kujificha. Maswali ya hapa yanahusu upande usiosimuliwa sana. Siafu wana ukoo mpana, na wengi katika ukoo huo ni wadogo, wapole wa mwendo, wanaoishi chini ya majani yaliyooza au ndani ya vijiti vikavu. Hao ndio wanaotuonyesha siafu alitengenezwa kwa vipande gani. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

"Ndugu wa siafu" ni akina nani hasa?

Ni sisimizi wa nusufamilia ya Dorylinae ambao wenyewe si siafu. Zamani ukoo huu uligawanywa katika nusufamilia sita tofauti. Mwaka 2014 watafiti Brady, Fisher, Schultz na Ward walilinganisha DNA zao, wakaona mipaka ile haisimami, wakawarudisha wote chini ya jina moja. Miaka miwili baadaye mtafiti Marek Borowiec akazipanga upya jenasi zake (makundi ya spishi zinazokaribiana), takriban 28.

Ndani ya nyumba hiyo wamo siafu wa Afrika na Asia wa jenasi *Dorylus*, wadogo zao wa jenasi *Aenictus*, na wale wa Amerika wa jenasi *Eciton*, *Neivamyrmex* na wenzao. Hao ndio wenye sifa. Waliobaki ndio mada yetu: *Ooceraea*, *Lioponera*, *Parasyscia*, *Syscia*, *Simopone*, *Zasphinctus*, *Cylindromyrmex*, *Acanthostichus*, *Leptanilloides* na wengine. Majina ni magumu, najua, lakini wengi wao hawana jina la mtaani kwa sababu hakuna mtu wa mtaani aliyewahi kuwaona. Mmoja wao, *Ooceraea biroi*, atajitokeza sana humu, kwa hiyo nitamwita biroi tu.

Nitawatambuaje nikiwaona?

Hutawaona kwa urahisi. Ukibahatika, tazama umbo: mwili mrefu wa mviringo kama kipande cha uzi mnene, vipapasio vifupi vilivyonenepa, vimeota karibu sana na mdomo. Wengi hawana macho kabisa, au wana nukta tu. Biroi ana urefu wa milimita mbili hivi. Wale wa jenasi *Simopone*, wanaoishi juu ya miti katika vijiti vyenye uwazi, wameyabakiza macho yao.

Siafu wa Afrika na wa Amerika wana babu mmoja?

Babu wa ukoo, ndiyo. Lakini kama babu huyo tayari alikuwa siafu, hilo ni jambo jingine, na jibu limebadilika ndani ya miaka ishirini.

Kinachomfanya sisimizi aitwe siafu ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: kuwinda kwa kundi bila hata mmoja kutoka peke yake, kuhamahama, na malkia asiye na mbawa mwenye tumbo kubwa la mayai. Mwaka 2003 Seán Brady alionyesha kwa DNA kwamba mambo hayo matatu yalitokea mara moja, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, kabla mabara hayajatengana vya kutosha. Hoja hiyo ilikubalika sana. Kisha 2019 Borowiec akatumia data nyingi zaidi ya jeni, mti wa ukoo ukajipanga vingine: siafu wa Dunia ya Kale (Afrika na Asia) wako kwenye tawi lao na wa Amerika kwenye la kwao, na ndugu wasio siafu wamejipenyeza katikati. Maana yake ni kwamba mtindo huo ulizuka zaidi ya mara moja.

Naona hapo ndipo ndugu hawa walipopata heshima yao. Kama siafu walitokea mara mbili kutoka kwenye mizizi ileile, basi mizizi hiyo ilikuwa na kitu kilichokwisha andaliwa, na kitu hicho tunaweza kukitafuta kwa wale ambao hawakuendelea mbele.

Koloni lao lina ukubwa gani?

Dogo. Makoloni mengi ya ndugu hawa yana wafanyakazi makumi kadhaa hadi mamia. Koloni la biroi linaweza kuishi chini ya jiwe moja na nafasi ikabaki. Linganisha na *Eciton burchellii* mwenye laki kadhaa, au *Dorylus* ambao makadirio ya miaka ya 1950 yaliwafikisha milioni 20 katika koloni moja.

Tofauti hiyo ya idadi si ya kupuuza, kwa kuwa inabadili hata namna ya kuwinda. Kwa biroi, mpelelezi mmoja hutoka, akapata kiota cha sisimizi wengine, akarudi mbio huku akiacha harufu njiani. Wenzake wanaamka na kumfuata kwa msafara mwembamba. Siafu hawamsubiri mpelelezi. Umati wenyewe unasukumana hadi unamwagika nje. Mwaka 2021 Chandra, Gal na Kronauer walifanya jaribio la kupendeza: waliongeza idadi ya biroi katika koloni, bila kubadilisha kingine chochote. Kadiri walivyozidi kuwa wengi, ndivyo misafara ilivyozidi kuanza yenyewe bila mpelelezi, kama ya siafu. Yaani uwezo ulikuwamo mwilini mwao siku zote, ukingoja watu wa kutosha.

Je, wana malkia kama siafu?

Hapa kuna kila namna, na ndiyo maana ukoo huu unavutia. Ukiwapanga ndugu hawa kwa malkia zao, unapata kitu kama ngazi.

Wapo wenye malkia wa kawaida, mwenye mbawa na kidari kilichojaa misuli ya kurukia, kama ilivyo kwa sisimizi wengi duniani. *Cylindromyrmex*, wanaokula mchwa huko Amerika ya tropiki, ni wa aina hii. Huyu anaweza kuruka, kupandwa na dume, kujikata mbawa na kuanzisha makao peke yake.

Halafu wapo wenye malkia aliyefanana na mfanyakazi. Hana mbawa, hana misuli ya kurukia, ila tumbo lake ni kubwa kidogo na ana mahali pa kutunzia mbegu za dume. Ukimtazama haraka utampita. Katika jenasi *Lioponera* unaweza kukuta spishi moja ina malkia wenye mbawa na jirani yake ina hawa wasio nazo. Na katika *Zasphinctus* wa Australia, utafiti uliochapishwa 1989 na Buschinger, Peeters na Crozier ulikuta malkia wa namna hii wengi ndani ya koloni moja, wote wakitaga.

Juu zaidi ya ngazi wapo *Acanthostichus* na *Leptanilloides*, ambao baadhi ya spishi zao zina malkia kipofu asiye na mbawa, tumbo limevimba, karibu na malkia wa siafu. Na kileleni yuko malkia wa *Dorylus* mwenyewe: katika *Dorylus wilverthi* anafikia sentimita tano, sisimizi mkubwa kuliko wote wanaoishi leo, na makadirio yanasema anataga mamilioni ya mayai kwa mwezi.

Kisha kuna biroi, aliyeteremka ngazi yote na kutoka nje ya nyumba. Hana malkia hata mmoja. Swali lake linakuja.

Kukosa mbawa kwa malkia kuna uzito gani? Si mbawa tu?

Mbawa zikiondoka, njia nzima ya kuzaa makoloni hubadilika. Malkia mwenye mbawa huenda mbali na kuanza na mikono mitupu. Wengi wao hufa, ila wanatolewa kwa mamia, kwa hiyo hesabu inakubali.

Malkia asiye na mbawa hawezi kuanza peke yake. Analazimika kuondoka na kundi la wafanyakazi, na koloni linagawanyika kama familia inayogawana shamba. Gharama kwa kila koloni jipya ni kubwa, lakini nafasi ya kupona ni kubwa pia, kwa sababu tangu siku ya kwanza lina jeshi na walezi. Madhara yake mengine ni kwamba koloni halina haja ya malkia vijana wengi. Kwa siafu wa Amerika wa jenasi *Eciton*, kizazi kimoja cha uzazi huwa na madume wapatao 3,000 na malkia wachache tu wanaohesabika kwa vidole.

Jambo la tatu ni mwendo. Kizazi hakisambai kwa kuruka tena, kinasambaa kwa miguu. Ndiyo maana mto mpana au kipande cha bahari ni ukuta kwa siafu, ilhali ndugu zao wenye malkia wa kuruka wamefika visiwani.

Siafu wanapogawanyika, nani anaamua malkia gani abaki?

Wafanyakazi. Kwa *Eciton*, malkia vijana wakishatoka kwenye pupa, wafanyakazi hujikusanya kuwazunguka, kila kambi na wake. Koloni linapogawanyika, nusu moja huondoka na malkia mmoja, mara nyingi yule mzee ikiwa bado ana nguvu, na nusu nyingine huchukua kijana mmoja. Waliobaki huzingirwa na kikundi kidogo cha wafanyakazi wanaowazuia wasifuate msafara. Huachwa hapo nyuma hadi wafe. Hawaumwi wala hawachanwi; wanazuiwa tu. Kwangu hilo linatisha kuliko kama wangeuawa.

Na madume? Wanatoka wapi, wanaishia wapi?

Kwa sisimizi kwa jumla, yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume. Dume basi hana baba, ana babu tu.

Dume wa *Dorylus* pengine umewahi kumwona bila kumtambua. Ni yule mdudu mnene wa rangi ya kahawia anayegonga taa usiku, mwenye tumbo refu kama soseji, anaanguka mezani na kuzungukazunguka. Watu humdhania nyigu au kumbikumbi. Ameruka kutafuta koloni la wengine, kwa kuwa malkia hatatoka kumfuata. Akifanikiwa kuangukia njia ya msafara, wafanyakazi humkamata, humkata mbawa na kumburura hadi ndani. Huko ndiko atakakokutana na malkia, kama watamfikisha. Ukiwatazama wakimburura, utadhani ni windo wanapeleka jikoni, na inabidi ujikumbushe kwamba ni harusi.

Malkia wa siafu hupandwa na madume wengi, zaidi ya kumi. Kwa hiyo wafanyakazi wa koloni moja ni ndugu wa mama mmoja na baba tofauti.

Mmesema biroi hana malkia. Nani anataga basi?

Kila mmoja. Koloni zima ni la majike yanayofanana, wote wana ovari, wote hutaga, na wote hutoka kuwinda. Tofauti iliyopo ni ndogo: baadhi wana mirija mingi zaidi ya mayai, ni wakubwa kidogo na hutaga zaidi, lakini hakuna anayeitwa mama wa nyumba.

Kazuki Tsuji na Katsusuke Yamauchi walieleza jambo hili kutoka Japani mwaka 1995: majike huzaa majike bila dume. Leo sisimizi huyu ndiye anayefahamika zaidi katika ukoo mzima wa ndugu wa siafu, hasa kwa kazi ya maabara ya Daniel Kronauer katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Amesambaa visiwa vingi vya tropiki, akisafirishwa na shughuli za binadamu, na asili yake ilifuatiliwa kwa jeni hadi Bangladesh. Si ajabu kusambaa kwake: kikundi kidogo tu ndani ya udongo wa chungu cha maua kinatosha kuanzisha nyumba mpya. Hakuna malkia wa kusahauliwa.

Bila dume, yai linapataje seti mbili za kromosomu?

Yai linajitengenezea. Seli hugawanyika kwa njia ya kawaida ya uzazi, ile inayopunguza kromosomu nusu, na mwisho wake huwa na viini vinne. Kwa mnyama wa kawaida kimoja kingekuwa yai na vingine vitupwe. Kwa biroi, viini viwili vya katikati huungana tena, na idadi ya kromosomu inarudi palepale. Mtoto anatoka karibu nakala kamili ya mama yake.

"Karibu" ni neno la kushika hapo. Kromosomu hubadilishana vipande wakati wa mgawanyiko, na hapo kuna hatari kwamba mtoto atapata vipande viwili vinavyofanana mahali ambapo mama alikuwa na viwili tofauti. Kikiwa kipande chenye jeni mbovu, hakuna cha kuifunika. Kwa kawaida biroi hukwepa hilo, kwa kuwa vipande vilivyobadilishana huelekea kurithiwa pamoja. Lakini mara moja moja huponyoka, na tutaona hapo chini kinachotokea.

Nimesikia wanazaa kwa ratiba. Ni kweli?

Ni kweli, na ratiba hiyo ni kali kuliko ya viumbe wengi. Mzunguko wa biroi huchukua siku 34 hivi. Fabien Ravary na Pierre Jaisson waliueleza kwa undani mwaka 2002.

Chukulia koloni lililowekwa kwenye kisanduku kidogo cha plastiki, sakafu ya plasta yenye unyevu, kifuniko cha kuona ndani. Ukianza kutazama siku mabuu wa mwisho wanapogeuka pupa, utakuta nyumba imetulia. Kwa siku 18 hivi hakuna anayetoka. Wanalundikana pembeni pamoja na pupa, matumbo yanaanza kunenepa, na ndani ya siku chache mayai yanatokea, yote karibu kwa pamoja, rundo moja jeupe dogo wanalolihamisha huku na huko. Kisha, karibu wakati mmoja, mambo mawili hutokea: mayai yanaanguliwa, na wale pupa wa zamu iliyopita wanatoka wakiwa sisimizi wachanga wenye rangi hafifu. Siku hiyohiyo nyumba inaamka. Wapelelezi wanatoka, misafara inaanza, chakula kinaletwa, ovari zinanywea. Wanakwenda hivyo kwa siku 16, hadi mabuu watakaposhiba na kugeuka pupa. Halafu kimya tena.

Siafu wa Amerika wana kitu kama hicho. T. C. Schneirla, aliyeanza kuwafuatilia *Eciton* kwenye kisiwa cha Barro Colorado, Panama, miaka ya 1930, aliona wakihama karibu kila usiku kwa siku 15 hivi, kisha wakitulia mahali pamoja kwa siku 20. Kwao malkia mmoja ndiye anayetaga kwa mkupuo. Kwa biroi ni mamia ya mama kwa siku moja.

Saa hiyo anaishika nani?

Mabuu. Na hili ndilo jambo ninalopenda kulisimulia kuliko yote katika ukurasa huu.

Ukiwatoa mabuu katikati ya zamu ya uwindaji, wakubwa huacha kuwinda na ovari zao huamka. Ukiwaingiza mabuu wakati wa utagaji, ovari husinyaa na watu wanatoka kuwinda. Kwa hiyo hakuna kalenda kichwani mwa mtu mzima. Kuna mtoto mwenye njaa, na kuwepo kwake kunatosha kumwambia mama asizae tena kwa sasa.

Mwaka 2018 Vikram Chandra na wenzake walieleza njia inayotumika ndani ya mwili. Ubongo wa sisimizi hutoa homoni ya jamii ya insulini. Mabuu wakiwepo, homoni hiyo hushuka, na ovari hulala. Watafiti walipowadunga biroi homoni hiyo huku mabuu wakiwa wamejaa nyumbani, ovari ziliamka hata hivyo, kana kwamba sauti ya watoto imezibwa. Walipoangalia spishi nyingine za sisimizi zenye malkia, waliona malkia ana homoni hiyo kwa wingi kuliko mfanyakazi. Kwa hiyo wakapendekeza njia rahisi ya malkia kupatikana: chukua jamii ambayo kila jike hutaga na kulea kwa zamu, kisha acha wachache wawe na insulini ya juu kiasi kwamba mabuu hawawezi kuwatuliza. Hao watataga tu. Waliobaki watalea tu.

Kwa mtazamo huo zamu ya biroi ni kama mama mmoja wa nyigu anayeishi peke yake, anayetaga, kisha kulea, kisha kutaga tena, ila sasa mzunguko huo unafanywa na kijiji kizima kwa hatua moja.

Asiyefuata zamu anafanywaje?

Anauawa. Wakati wa kulea, jike ambaye ovari zake hazikulala huwa na harufu tofauti kwenye ngozi, na wenzake wanainusa. Wanamshika miguu na vipapasio, wanamvuta pande zote hadi anakufa. Serafino Teseo na wenzake waliripoti hilo mwaka 2013. Cha kushangaza ni kwamba muuaji na muuawa ni nakala za mtu mmoja, hakuna ugomvi wa damu hapo. Wanacholinda ni ratiba. Mayai yakitagwa nje ya wakati, kutakuwa na mabuu wa umri mchanganyiko, na saa nzima itaharibika.

Kama wote ni pacha, kazi wanagawanaje?

Wanagawana. Mtafiti Yuko Ulrich na wenzake (2018) waliweka makundi ya sisimizi mmoja hadi 16, wenye jeni sawa na umri sawa, wakawapaka nukta za rangi mgongoni ili kamera iwatofautishe. Kundi lilipoongezeka, baadhi walianza kutoka nje mara kwa mara na wengine kubaki na watoto. Watoto wao pia walipona vizuri zaidi. Ugawaji wa kazi haukuhitaji tofauti ya damu. Ulihitaji wenza wa kutosha.

Pupa wana kazi gani? Si wamelala tu?

Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa hadi 2022. Orli Snir na wenzake walikuwa wakiwatenga biroi mmojammoja waone nani anahitaji nini, wakagundua kwamba pupa akiachwa peke yake huanza kutoa jasho la majimaji. Yanajikusanya hadi yanamfunika. Asipofutwa, anazama au kuota ukungu.

Ndani ya koloni majimaji hayo hayaonekani kamwe, kwa sababu yananyonywa papo hapo. Watafiti waliingiza rangi ya bluu ndani ya pupa, na muda si mrefu ikaonekana matumboni mwa wakubwa. Mabuu wachanga nao huwekwa juu ya pupa na kunywa. Wakikoseshwa, hukua vibaya. Kumbe ile siku mayai yanapoanguliwa karibu na pupa wanaokaribia kutoka si sadfa ya kalenda, ni maziwa yaliyofika kwa wakati. Majimaji hayohayo yalipatikana pia kwa sisimizi wa nusufamilia nyingine kubwa.

Wanawalisha nini mabuu wenyewe?

Watoto wa wengine. Ndugu wengi wa siafu ni wavamizi wa viota vya sisimizi, na wanachotaka ni mabuu na pupa. *Acanthostichus* na *Cylindromyrmex* wao ni wa mchwa.

Hesabu ya chakula ina ugumu wake, maana zamu ya kulea ni fupi na mabuu wote wana njaa siku moja. *Lioponera turneri* wa Australia ana jibu lake. Bert Hölldobler alionyesha mwaka 1982 kwamba hawa huvamia viota vya sisimizi wa jenasi *Pheidole*, huwachoma mabuu kwa mwiba, na kuwaleta nyumbani wakiwa hai lakini wamepooza. Wanakaa hivyo ghalani hata zaidi ya miezi miwili bila kuoza.

Ni kweli biroi wameanza kuzaa "malkia" maabara?

Wametokea, ndiyo. Ndani ya ukoo mmoja wa kawaida walizaliwa majike wenye mbawa, macho na ovari kubwa, waliofanana na malkia, ila wadogo kama wafanyakazi. Waring Trible na wenzake walieleza mwaka 2023 kwamba kisa ni ile hatari niliyoitaja: kipande kikubwa cha kromosomu moja kilikuwa cha aina mbili kwa mama, na kwa watoto hawa kikawa cha aina moja. Ghafla, kwa kizazi kimoja, mwili mzima ukabadilika.

Tabia zao ndizo zinazochekesha kidogo. Wanataga zaidi, hawawindi sawasawa, na mabuu wao wanalelewa na dada zao wa kawaida. Wakizidi asilimia fulani, koloni linayumba. Spishi nyingi za sisimizi wa kupe, wanaoishi kwa kunyonya koloni la spishi ya jirani, zina sura hiyohiyo ya malkia aliyenywea. Wengi waliamini sura hiyo hujengwa polepole baada ya kuanza maisha ya kupe. Hapa ilikuja kwanza, na ukupe ukaifuata.

Malkia wa siafu akifa, koloni linakwisha?

Kwa *Dorylus molestus*, walioangaliwa Mlima Kenya, wafanyakazi waliofiwa na malkia huweza kujiunga na koloni la jirani na kupokelewa. Baadhi hutaga mayai ya madume kabla ya hapo, lakini kidogo. Linganisha na biroi: hawana wa kufiwa.

Kuna sisimizi wanaoishi hivi ambao si ndugu wa siafu?

Wapo, na usichanganywe nao. Baadhi ya *Leptogenys*, *Simopelta*, na *Onychomyrmex* wa Queensland, Australia, huwinda kwa makundi na wana malkia asiye na mbawa, ila ni wa nusufamilia nyingine. Aliye wa ajabu kuliko wote ni *Leptanilla japonica*, ambaye Keiichi Masuko alimweleza mwaka 1990: wafanyakazi mia moja hivi, chini ya ardhi, wakiwinda tandu wakubwa kuliko wao mara nyingi. Wanahama, wanazaa kwa zamu. Malkia wao, wakati wa kutaga ukifika, hapewi nyama. Hunywa damu ya mabuu wake mwenyewe kupitia tundu maalumu ubavuni mwao, na mabuu hawafi.

Barani Afrika kuna ndugu gani wa karibu zaidi wa siafu?

*Aenictogiton*, wa Afrika ya Kati. DNA inawaweka karibu kabisa na *Dorylus*, kuliko sisimizi mwingine yeyote. Spishi saba zimepewa majina, na kwa zaidi ya karne moja ziliandikwa vitabuni kwa madume peke yake, waliokamatwa wakiifuata taa.

Wa mbali kidogo ni *Zasphinctus*. Mwaka 2017 spishi tatu mpya za Afrika zilielezwa kwa kutumia picha za eksirei za pande zote, bila kumpasua mdudu: *Z. wilsoni* wa Gorongosa, Msumbiji, *Z. sarowiwai*, na *Z. obamai* wa msitu wa Kakamega, Kenya, aliyepewa jina la Barack Obama.